Linda Sikio Lako, Wewe Utumiaye Bunduki

Wenyeji wa Gachoka na nchi yote ya Mbeere wanajua ya kwamba majira ya mavuno si majira ya kulala. Mtama na mawele yakianza kukomaa, ndovu huweza kutoka katika Hifadhi ya Taifa ya Mwea, nao viboko hupanda mashambani kutoka mabwawa ya mto Tana. Kazi aliyoifanya mkulima kwa miezi mingi huweza kuliwa na kukanyagwa katika saa moja. Hapo ndipo watu hupeleka habari kwa askari wa wanyamapori, ambao zamani mkubwa wao aliitwa Bwana Nyama. Askari huja, na wakati mwingine hupiga risasi hewani au hulipua fataki za kishindo ili kuwatisha wanyama warudi kwao. Ndovu wakiisha kwenda, watu hushangilia, watoto huokota maganda ya risasi, na kila mtu hurudi nyumbani kwake akiwa na furaha.

Lakini huenda usiku ule kuna kitu kimoja kilichoumia, wala hakuna aliyekiangalia. Hakikutoa damu, wala hakikuvimba. Kitu hicho ni sikio la yule aliyepiga bunduki, na pengine masikio ya watu waliosimama karibu naye. Katika somo hili twataka kueleza jinsi mlio wa bunduki unavyoliharibu sikio, na jinsi mtu awezavyo kujikinga kwa kifaa kidogo kisichojaza kiganja cha mkono.

SOMO HILI LAWAHUSU NANI?

Huenda msomaji akasema, "Mimi sina bunduki, haya hayanihusu." Ni kweli ya kuwa katika Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na kwa sheria ya silaha, Sura ya 114, mtu haruhusiwi kumiliki bunduki pasipo cheti. Hata hivyo, ni nyumba chache katika Embu na Meru zisizo na ndugu, mwana au jirani katika jeshi, polisi, polisi wa akiba, au Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Vijana wetu hupelekwa Kiganjo kujifunza upolisi, au Manyani kujifunza kazi ya kulinda wanyama, na huko kote hufundishwa kulenga shabaha. Kijana wa miaka 20 aliyeondoka kwao akisikia hata mlio wa nyuki huweza kurudi kwa likizo akimwambia mama yake, "Sema tena, sikukusikia."

Jambo hili si geni. Mwaka 1944 askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipigana katika misitu ya Burma mpaka wakaufikia mto Chindwin. Siku zile kuvaa kinga ya masikio hakukuwa desturi ya askari wengi, katika majeshi yetu na hata katika majeshi ya Ulaya. Askari wengi wa vita ile waliporudi makwao, katika nchi nyingi za dunia, walirudi na uziwi, au na mlio usiokoma masikioni. Watu waliwadhania ya kuwa wamezeeka kabla ya wakati, kumbe masikio yao yalikuwa yamepigwa na mizinga na bunduki.

JINSI SIKIO LILIVYOFANYWA

Sauti huingia katika tundu la sikio na kuipiga ngozi nyembamba iitwayo ngoma ya sikio. Ngoma hiyo huvitikisa vifupa vitatu vidogo sana, navyo hupeleka mtikisiko huo ndani zaidi, katika kifuko chenye maji kilichojizungusha kama nyumba ya konokono. Ndani ya kifuko hicho mna chembe hai zipatazo 15,000 hivi, na kila chembe ina vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho. Sauti ikifika, vinyweleo hivyo huinama na kuinuka, na chembe hizo hupeleka habari kwenye ubongo. Hivyo ndivyo mtu asikiavyo.

Fikiri juu ya shamba la mtama. Upepo wa kawaida ukivuma, mabua huinama, na upepo ukipita huinuka tena. Hayo ndiyo mazungumzo ya watu, kuimba kwa ndege na kulia kwa mbuzi. Upepo mkali ukivuma kutwa, mabua hulala, na mengine huinuka baada ya siku moja au mbili. Lakini ndovu akipita katikati ya shamba, mabua huvunjika, na bua lililovunjika haliinuki tena. Mlio wa bunduki ni ndovu katika shamba la sikio.

Tena pana tofauti moja iliyo kubwa kuliko zote. Mkulima ambaye mtama wake umeliwa aweza kupanda tena mvua zikirudi. Chembe za kusikia za mwanadamu, zikiisha kufa, hazioti tena. Hakuna dawa ya hospitali wala ya mganga iwezayo kuzirudisha. Kifaa cha kusaidia kusikia huongeza sauti, lakini hakiwezi kuotesha kilichokufa.

KIPIMO CHA SAUTI

Wataalamu hupima sauti kwa kipimo kiitwacho desibeli. Mazungumzo ya watu wawili ni desibeli 60 hivi. Mashine ya kusaga posho mara nyingi hufika 90 au kuzidi. Bunduki nyingi hupita 140, na bunduki za vita na za kuwindia wanyama wakubwa hufika 160 hivi karibu na sikio la mpigaji.

Msomaji asidhani ya kuwa hesabu hii ni kama hesabu ya ratili au kilo. Kila zinapoongezeka desibeli 10, nguvu ya sauti huwa mara 10. Kwa hiyo sauti ya desibeli 160 haizidi ile ya 90 kwa kiasi kidogo tu. Nguvu yake ni mara milioni 10, ingawa hudumu kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Ufupi huo wenyewe ni hatari. Ndani ya sikio mna misuli midogo ambayo hukaza vile vifupa ili kupunguza sauti kubwa. Lakini misuli hiyo huchelewa. Kabla haijakaza, mlio wa bunduki umekwisha kuingia na kufanya uharibifu wake. Kwa sababu hiyo risasi moja tu iliyopigwa karibu na sikio lisilokingwa yaweza kuleta hasara ya maisha. Kazi ya mashine humla mtu kidogo kidogo kwa miaka. Bunduki yaweza kumla kwa mara moja.

SITA AU TISA?

Uziwi wa bunduki hauanzi kwa kunyamazisha kila kitu. Kwanza huondoa sauti nyembamba za juu. Mtu husikia ng'ombe akilia, husikia gari likija, husikia watu wakisema. Kwa hiyo hujiona mzima. Lakini herufi kama s, f, sh, t na k humpotea, maana hizo ni sauti nyembamba. Huanza kusema, "Nasikia mnasema, ila sielewi mnasema nini." "Fika" na "shika" huwa neno moja kwake. "Sita" na "tisa" humchanganya.

Tufanye mfano. Askari mmoja yuko ukingoni mwa mashamba usiku, na mwenzake aliye upande wa bwawa anampelekea habari kwa redio: "Ndovu tisa wamevuka." Yeye asikia, "Ndovu sita." Askari huyu ni hodari na mwaminifu. Awafukuza ndovu, awahesabu wakirudi, mmoja, wawili, hata sita. Kisha awaambia watu, "Haya, kazi imekwisha, nendeni mkalale." Mama mmoja ashika njia ya shambani kwenda kuchukua blanketi aliloliacha penye kibanda cha kulindia. Gizani wangali ndovu watatu.

Hapo ndipo ubaya wa jambo hili uonekanapo. Sikio la mtu mwenye bunduki si mali yake peke yake. Kwa sikio hilo hupokea amri, hutambua kilio cha mtu na mlio wa mnyama, na hujua kama ameambiwa apige au aache. Mwenye bunduki asiyesikia vema ni hatari kwa wale wale anaowalinda.

KWA NINI SIKIO LA KUSHOTO?

Madaktari wakiwapima watu waliotumia bunduki ndefu kwa miaka mingi, mara nyingi huona ya kuwa sikio moja limeharibika kupita jingine. Mtu apigaye kwa bega la kulia hulaza shavu lake juu ya kitako cha bunduki. Sikio lake la kulia hufichwa kidogo na kichwa chake mwenyewe, bali la kushoto huelekea mbele, upande wa mdomo wa mtutu utokako mlio. Basi la kushoto huumia zaidi. Kwa mtu wa mkono wa kushoto mambo hugeuka. Ikiwa wewe ni askari wa siku nyingi, jaribu kuweka simu kwenye sikio la kulia, kisha kwenye la kushoto. Ukiona tofauti, nenda ukapimwe.

VIFAA VYA KUJIKINGA

Vifaa vya kulinda masikio ni vya namna mbili.

Namna ya kwanza ni vizibo, ambavyo hutiwa ndani ya tundu la sikio. Vingine ni vya sponji laini, na vingine ni vya mpira. Ni vidogo, havina bei kubwa, na hutosha katika mfuko wa shati.

Namna ya pili ni vifuniko, ambavyo hufunika sikio zima, navyo huunganishwa kwa utepe mgumu upitao juu ya kichwa.

Kizibo kizuri kilichotiwa barabara, au kifuniko kizuri, huweza kupunguza desibeli 20 hadi 30. Lakini kizibo kilichotiwa ovyo hupunguza kidogo sana. Kwa hiyo tafadhali soma kwa makini jinsi ya kukitia kizibo cha sponji:

1. Nawa mikono, maana uchafu huleta usaha sikioni.

2. Sokota kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama kijiti, pasipo makunjo.

3. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, ushike sikio, ulivute juu na nyuma kidogo. Hivyo tundu la sikio hunyooka.

4. Tia kizibo upesi, kisha kizuie kwa kidole kwa nusu dakika, mpaka kifure na kujaza tundu.

5. Jaribu. Sema maneno machache. Sauti yako ikisikika nzito kama itokayo ndani ya mtungi, umekitia vema. Kisha funika masikio kwa viganja. Ikiwa kelele za nje hupungua sana ukifunika, basi kizibo hakikukaa sawa. Kitoe uanze tena.

Kwa vifuniko, angalia ya kuwa kofia, nywele au mikono ya miwani haikuacha mwanya. Mwanya mdogo hupitisha mlio kama ufa mdogo upitishavyo maji ya mfereji.

Mahali pa kulengea shabaha palipo na kuta na paa, au kwa bunduki kubwa, yafaa kuvaa vizibo na juu yake vifuniko. Faida yake si jumla ya vyote viwili. Huongezeka desibeli 5 hivi tu. Lakini kwa sikio hizo 5 ni msaada mkubwa.

MAMBO YASIYOFAA

Wengine hujaza pamba masikioni. Pamba huzuia kidogo mno. Haitoshi kwa bunduki. Wengine hutia maganda ya risasi. Hilo ni jambo la hatari, maana ganda laweza kukwama, kuchubua tundu la sikio, au kusukumwa ndani. Wengine huziba kwa kidole sikio moja tu, na hali mkono huo ungepasa kuishika bunduki. Tena wengine hudhani ya kuwa kiziba mlio kinachofungwa mdomoni mwa mtutu kingemaliza shauri lote. Kifaa hicho hupunguza mlio wa baruti, lakini risasi nyingi za bunduki ndefu huenda kwa kasi kuliko sauti, ambayo husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, na risasi yenyewe hupasua hewa kwa kishindo. Tena hapana mtu aruhusiwaye kuongeza kitu katika bunduki kinyume cha sheria.

WATU WALIO KARIBU

Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa desibeli 140 kwa mlio wa ghafula kwa mtu mzima, na 120 kwa mtoto. Sikio la mtoto lahitaji ulinzi mkubwa zaidi. Lakini twajua sote ni nani hukimbia mbele kabisa bunduki ikitaka kulia: ni watoto.

Basi askari wakifika kufukuza ndovu, wazee na wamama na wawapeleke watoto nyumbani, au mbali nyuma ya askari, kamwe si ubavuni mwa mtutu wala mbele yake. Mahali pa wazi, kila umbali ukiongezwa maradufu, mlio hupungua kwa desibeli 6 hivi. Asiye na kizibo na azibe masikio yote mawili kwa vidole au viganja kwa nguvu. Naye askari, akiwa na nafasi, atoe onyo kwanza: "Zibeni masikio, napiga!" Maneno hayo hayachukui hata sekunde tano.

MAJIBU KWA WENYE KUBISHA

Wako wasemao, "Nikiziba masikio, nitamsikiaje ndovu akija?" Swali hili ni la mtu mwenye akili, nalo lastahili jibu. Kwanza, aghalabu risasi nyingi za maisha ya askari hupigwa uwanjani pa shabaha, ambako hakuna ndovu wala adui. Huko hapana udhuru wowote wa kuacha masikio wazi. Pili, katika kazi ya kufukuza wanyama, mara nyingi kuna dakika ya kujitayarisha. Vizibo vya mpira vilivyounganishwa kwa kamba huweza kuning'inia shingoni mpaka saa ya kuvitia. Tatu, siku hizi kuna vifuniko vya betri ambavyo hupitisha sauti ndogo za kawaida na kuzuia mlio mkubwa. Ni kweli ya kuwa ndovu akimrukia mtu ghafula hakuna nafasi ya kutafuta vizibo, uhai hutangulia. Lakini saa moja ya namna hiyo isifanywe udhuru wa saa mia nyingine.

Wako pia wasemao, "Kuvaa vitu hivi ni woga. Masikio yangu yamekwisha kuzoea." Hasha! Sikio halizoei mlio. Lile liitwalo kuzoea ndilo kufa kwenyewe. Mtu asiyeshtushwa tena na bunduki kwa kuwa haisikii vema hajawa shujaa, amekuwa kiziwi. Na wazee walisema, sikio la kufa halisikii dawa.

DALILI NA MATIBABU

Baada ya kupiga bunduki ukisikia mlio kama wa nyenje masikioni, au ukiona watu wasema kana kwamba wako mbali, ujue sikio limeumia. Huenda hali hiyo ikaondoka baada ya siku moja au mbili. Usifurahi ukasema, "Nimepona." Majaribio waliyofanyiwa wanyama yameonyesha ya kuwa hata kusikia kukirudi, baadhi ya nyuzi za fahamu ziungazo sikio na ubongo huweza kuwa zimekufa. Onyo limekwisha kutolewa.

Lakini ikiwa kusikia kumepotea ghafula, au kuna maumivu, kizunguzungu, au damu itokayo sikioni, nenda kwa daktari siku ile ile. Usitie mafuta, wala maji ya majani, wala kitu chochote. Kuna dawa ambazo huweza kusaidia katika siku za kwanza, nazo nguvu yake hupungua kila siku ya kuchelewa. Kwa mtu wa Gachoka, hospitali kuu ya Embu si mbali kuliko thamani ya sikio.

Tena yafaa kila atumiaye bunduki kwa kazi apimwe masikio kabla ya kuanza, kisha kila mwaka. Kipimo cha kwanza ndicho kitakachoonyesha kama cha pili kimepungua.

SHERIA YASEMAJE?

Kanuni za Kenya za mwaka 2005 juu ya kelele mahali pa kazi zimekataza mfanyakazi kuwekwa katika kelele ya desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika siku moja, au katika mlio wa ghafula upitao 140. Kanuni hizo ziliandikwa kwa ajili ya viwanda na mahali pa kazi. Lakini sikio la askari halikufanywa kwa udongo mwingine, na bunduki yake hupita mpaka ule kila ipigwapo. Kwa hiyo askari anapoomba vizibo kwa mkubwa wake haombi anasa. Aomba kifaa cha kazi, kama aombavyo viatu na tochi.

YA KUKUMBUKA

1. Chembe za kusikia zikifa hazioti tena.
2. Risasi moja yaweza kutosha kudhuru.
3. Vaa kinga kabla ya risasi ya kwanza, si baada ya sikio kulia.
4. Pamba na maganda ya risasi si kinga.
5. Watoto wasisogee karibu na bunduki.
6. Ukipotewa na kusikia ghafula, daktari siku ile ile.

Ndugu msomaji, ikiwa una mwana au ndugu aliye askari, msomee maneno haya atakapokuja likizo. Bunduki aliyopewa ni ya Serikali, naye atairudisha siku atakapostaafu. Masikio yake atarudi nayo nyumbani. Jioni moja atakaa mbele ya nyumba yake, na mjukuu wake atamjia amnong'oneze jambo la siri, kama wafanyavyo watoto. Heri kwake ikiwa hatalazimika kumwambia, "Sema tena, mjukuu wangu, sikukusikia."